Bi Kiza na mkebe wa mwisho wa filamu

Nje ni mchana mweupe na nguo zinakauka kwenye kamba. Ndani ya stoo iliyo nyuma ya jiko, mtu haoni hata kidole alichokinyoosha mbele ya pua yake. Kinachosikika ni mkwaruzo wa wembe, kisha pumzi ndefu, kisha sauti ya mwanamke ikifoka.

"Nani huyo? Si nimesema mtu asiguse mlango!"

Hakuna aliyeugusa. Ni sufuria imeanguka jikoni.

Mwenye sauti ni mama wa miaka hamsini na ushei ambaye wateja wake, na sasa mtaa mzima, humwita Bi Kiza. Kazi yake ni kukata filamu za kawaida ziwe nyembamba, kisha kuzijaza kwenye vikasha vya kamera ndogo mno, zile zinazofichika kiganjani. Filamu za kamera hizo hazipatikani tena madukani. Asiye na mtu wa kumkatia, kamera yake imebaki pambo la kabatini.

"Watu wanadhani nikijifungia humu nimelala," anasema akitoka, macho kayafinya kwa jua. "Ningekuwa nimelala ningekuwa na sura hii?"

Kifaa chake alikibuni mwenyewe: kipande cha mbao chenye mfereji, na nyembe zilizobanwa kwa skrubu. Filamu ikivutwa humo hutoka mikanda miwili, kila mmoja upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kingo zenye matundu hutupwa. Mkanda ukizidi upana kidogo tu, unakwama ndani ya kamera. Ukipungua, picha zinayumba. Na yote hufanyika kwa kupapasa, maana hata taa nyekundu huunguza filamu ya aina hiyo.

Alianza akiwa msichana, akiosha vyombo vya dawa kwenye studio ya picha. Simu zilipoingia kila mfuko, studio ikafungwa, naye akaondoka na pazia jeusi na ujuzi asiojua aupeleke wapi. Siku moja daktari wa meno, mteja wa zamani, akamletea kitu alichodhani ni kiberiti cha gesi.

"Nikamwambia, daktari, mimi sivuti sigara," anakumbuka. "Akacheka mpaka akakaa. Kumbe ni kamera ya marehemu baba yake, na haijaonja filamu tangu yeye yuko shule."

Daktari akaleta wenzake. Leo wateja wanafika thelathini hivi, na kila mmoja ana namna yake ya kumtoa roho.

Yupo fundi cherehani aliyempigia simu akilalamika kwamba filamu ni mbovu, imetoka nyeusi yote. Bi Kiza alipombana, akakiri kwamba alifungua kikasha juani ili aone zimebaki picha ngapi.

"Eti, 'Nilichungulia tu, mama.' Nikamwambia, mwanangu, ulichungulia na jua nalo likachungulia."

Yupo pia mpima ardhi aliyetia filamu kinyumenyume, akalazimisha, akarudisha kamera ikiwa na meno yaliyovunjika. "Akaniuliza kama kosa ni la wembe wangu. Wembe wangu! Nilinyamaza kwa sababu mama yangu alinilea."

Lakini hao wote, anasema, ni cha mtoto. Aliyemfikisha mwisho anaishi naye nyumba moja.

Ni wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kuwatembelea siku mbili tatu na sasa anaingia mwaka wa pili. Ni mchapakazi, anakiri Bi Kiza, tena mpishi hodari. Tatizo lake ni kwamba hajawahi kuuona mlango uliofungwa akaupita hivi hivi.

Miezi michache iliyopita, wapenzi wa kamera ndogo walikubaliwa kutundika picha zao kwenye maktaba ya mtaa. Kila mmoja alitaka vikasha viwili, na wote walivitaka kwa pamoja, kwa haraka. Bi Kiza alikuwa na mkebe mmoja tu wa filamu. Muuzaji wake alikuwa amemwambia wazi kwamba huo ndio wa mwisho, mwingine asiuulize mwaka huu.

Akaingia stoo, akafunga mlango, akashusha pazia, akafungua mkebe. Ndipo mlango ukafunguliwa, pazia likafunuliwa na mwanga ukamwagika ndani.

"Wifi, sabuni ya unga umeiweka wapi?"

Bi Kiza aliikumbatia ile filamu tumboni, akajikunja juu yake.

"Na mbona umekaa gizani kama mwizi?" wifi akaongeza.

Bi Kiza alipofoka, majirani wawili walitoka nje kuangalia kuna nini. Kisha akaketi kwenye ngazi ya nyuma, mkebe mapajani, akalia kwa hasira. Mumewe, dereva wa lori, alirudi akamkuta hapo hapo.

"Si uikate tu," akamwambia kwa upole. "Huenda imepona."

"Imepona? Kwani ilikuwa na mafua?"

Kwa siku kadhaa wanawake hao hawakusemeshana. Mume akawa mjumbe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwambie dada yako chumvi iko kabatini. Mwambie mkeo nimeshaiona. Wateja nao hawakuacha kupiga simu, na Bi Kiza hakujua awaambie nini.

Hasira ilipopoa akaanza kufikiri. Filamu ilikuwa imeviringishwa ikakazwa kwenye gurudumu lake. Mwanga ungeunguza mizunguko ya juu, na ungepenya kwenye kingo. Lakini kingo si yeye huzitupa?

Akarudi stoo. Akatupa mizunguko ya juu, akakata kipande cha ndani, akakijaza kwenye kamera ambayo daktari alikuwa ameiacha ijazwe. Akatoka uani apige chochote kilichokuwa mbele yake. Mbele yake alikuwa wifi, akianika mashuka, vibanio vimejaa mdomoni, akimkata jicho la kununa.

Kisha akaisafisha filamu. Mwanga ulikuwa umekula kingo na kuingia ndani kiasi, lakini katikati palikuwa safi. Badala ya mikanda miwili angepata mmoja tu.

"Kwa hiyo kila mteja akapata kikasha kimoja," anasema. "Unadhani walishukuru? Mpima ardhi aliniuliza kama ninampendelea daktari."

Maonyesho yalifana. Na picha iliyojaza watu haikuwa ya daktari wala ya fundi cherehani. Daktari alipofuata kamera yake aliiona ile iliyopigwa uani kwa Bi Kiza, akaichukua, akaikuza na kuitundika bila kumwambia: mwanamke na mashuka yake, hasira imemjaa uso mzima.

Wifi alikuja na gauni lake la kutokea. Akasimama kando ya picha, akawapokea wageni mmoja mmoja. "Huyu ni mimi," akawaambia. Na Bi Kiza akamsikia kwa masikio yake akiongeza, "Kama si mimi kufungua ule mlango, picha hii msingeiona."

"Nilitaka kumrukia," anasema Bi Kiza. Anatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze anacheka. "La kuudhi zaidi, alisema kweli."

Sasa ana mpango. Mwezi ujao ataanza kuwafundisha wateja kukata na kujaza filamu wenyewe, sebuleni, kwa filamu zilizokwisha kuungua, wamefungwa vitambaa machoni mpaka vidole vizoee. Watano wameshakubali. Wa kwanza kujiandikisha ni wifi, ambaye hana hata kamera.

Nilipomuuliza haogopi kupoteza wateja, alinitazama kama aliyeulizwa kama anaogopa kushiba.

"Miaka yote hii nimekaa gizani ili wenzangu wapige picha," anasema. "Ukiniuliza zangu mwenyewe, sina zaidi ya hiyo ya wifi. Wakishajua, nitawaachia stoo wakosane humo ndani. Mimi nitachukua kamera nitoke, na atakayenitafuta aambiwe sipo."