Nilivyomchagulia baba mkubwa graphics card, ukoo mzima ukajua anaoa

Wakuu, habari za jukwaa.

Huu ni uzi wa hardware ila una mambo ya familia ndani yake, mods naomba msiuhamishe. Ninachoandika kimetokea kweli, kwetu Kagera, na waliokuwepo bado wananisema mpaka leo.

Nijitambulishe kwa wasionijua. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Niliondoka nyumbani na begi moja, nikaanzia Kariakoo kufagia duka la simu la watu. Nikajifunza kufungua simu, baadaye kompyuta, baadaye nikajisomesha diploma ya IT kwa jasho langu mwenyewe.

Sasa nimerudi. Nina ofisi yangu Bukoba mjini, na ofisi nyingi hapa kompyuta yao ikigoma, namba inayopigwa ni yangu. Kwetu mtu wa namna hii anaitwa nshomile, yaani msomi ambaye anajua kwamba amesoma. Wengine hulitumia jina hilo kutania. Mimi silikatai.

Twende kwenye mada.

Nina baba mkubwa, Ta Sweetbert, kaka wa marehemu baba yangu. "Ta" ni heshima yetu kwa mwanaume mtu mzima. Huyu mzee ameendesha mabasi maisha yake yote, na zaidi ya yote barabara ya Bukoba–Muleba. Kuna watu walikuwa hawaulizi basi linaondoka saa ngapi, wanauliza Ta Sweetbert anaondoka saa ngapi.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Akapona, lakini mguu wa clutch ukawa hausikii. Kazi ikaishia hapo. Haikupita muda mrefu, mke wake, Ma Adventina, naye akafariki.

Baada ya msiba mzee aliingia chumbani. Sisemi alilala, nasema alihamia humo. Chakula analetewa na binti yake Editha, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye. Mgeni akija anaambiwa mzee amepumzika. Jumuiya ya kanisani ikija kusali, wao wanasali sebuleni na yeye anaitikia kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi kidogo.

Mimi kama mtu wa teknolojia nikasema hili lina dawa.

Nilikuwa na tower ya zamani ya ofisini, ile nyembamba ya kulala. Core i5 gen ya nne, RAM 8GB, na kadi ndogo ya picha, GT 710. Nikaiwekea game ya kuendesha mabasi pamoja na ramani ya barabara za Tanzania iliyotengenezwa na vijana wetu. Nikanunua usukani wa USB wenye pedali. Gari nikaliweka automatic, clutch haimhusu. Nikampelekea Muleba, nikaifunga mashine chumbani kwake pamoja na monitor ya zamani ya mraba.

Wakuu, mzee alishika usukani ule kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

Barabara ya kwetu haimo kwenye ile ramani. Yeye akatafuta kipande chenye milima na kona, akakibatiza mwenyewe. Hapa Kyetema, pale Kemondo, kile kilima Muhutwe, ule mji wa mwisho Muleba. Kila siku anakwenda na kurudi.

Tatizo la kwanza likawa kadi. GT 710 si kadi ya game ile. Niliteremsha settings zote mpaka miti ikawa kama mabua, na bado basi lilikuwa linakwenda kama lina kwikwi. Kwenye kona picha inaganda, ikirudi basi limo shimoni. Mzee akawa analaumu matairi.

Nikaanza kutafuta kadi ya kubadilisha. Hapa wenye tower kama hii wasome taratibu.

Wengi mnakimbilia kadi kubwa yenye feni mbili. Nami nilipewa RX 580 ya mtumba, nikaishika mkononi, nzito na nzuri. Lakini power supply ya tower hizi ni dhaifu, waya wa ziada wa kulisha kadi haupo, na kasha lenyewe ni jembamba, kadi kubwa haiingii hata ukiisukuma. Ukitaka kuiweka lazima ubadilishe kila kitu, na hapo hujafanya upgrade, umenunua kompyuta nyingine.

Kwa hiyo inatakiwa kadi fupi, low profile, inayokula umeme kutoka kwenye slot inapochomekwa peke yake. Nikabaki na mbili. GTX 750 Ti, ambayo niliipata yenye tundu la VGA, lile la monitor za zamani, kwa hiyo monitor ya mzee ingechomekwa vilevile ilivyo. Na GTX 1650, mpya zaidi na yenye nguvu zaidi, ila haina VGA kabisa, ina HDMI tu na DisplayPort.

Nilikuwa nimeamua 750 Ti. Inatosha, na mzee hasumbuliwi.

Ndipo Editha akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeulizia kompyuta.

Aliniambia tangu nilete ile mashine hali imekuwa mbaya zaidi. Zamani mzee alikuwa anatoka angalau kuota jua nyuma ya nyumba. Sasa hata hilo ameacha. Yuko safarini.

"Kaka," akasema, "ukiifunga hiyo kadi humo chumbani, baba ndiyo hatoki tena. Mimi namlisha mlangoni kama abiria wa dirishani. Fikiria vizuri."

Nilifikiria. Kisha nikakumbuka kitu kimoja: skrini pekee yenye HDMI katika nyumba ile ni TV ya sebuleni, imefungwa ukutani.

Nikaiacha 750 Ti. Nikachukua 1650.

Wataalamu mtasema kuna converter ya HDMI kwenda VGA. Ninazo ofisini, naziuza. Sikubeba hata moja.

Kadi ikatumwa kutoka Dar. Nami kwa furaha nikaandika kwenye group la ukoo WhatsApp. Nainukuu, maana ndiyo iliyoleta balaa:

"Ndugu zangu, kadi ya Ta Sweetbert nimeshaichagua, inatoka Dar wiki hii. Hamna haja ya kuchanga, gharama zote nimebeba mwenyewe. Jumamosi njooni Muleba mshuhudie."

Nilitegemea pongezi. Watu wote wakasoma, hakuna aliyejibu. Nikajua wamekosa la kusema.

Jumamosi asubuhi nikatoka Bukoba na kadi yangu kwenye begi. Nikafika, nikahamishia tower sebuleni, nikafunga kadi, nikachomeka TV. Nikaweka kiti cha mbao mbele ya usukani, nikaiwasha. Wakuu, ile picha. Majani ya miti yanatikisika, vioo vya pembeni vinaonyesha barabara nyuma, basi limetulia stendi linanguruma. Hakuna kwikwi.

Nikaenda chumbani kumwita.

"Lirudishe humu," akasema.

Nikamweleza habari za VGA na HDMI, kwamba TV haitoki ukutani.

Akageukia upande wa pili. "Basi lipaki tu," akasema. "Nimeendesha vya kutosha."

Nilirudi sebuleni nikakaa. Kompyuta zilizozikwa na mafundi wengine mimi nimezifufua, hilo Bukoba nzima inalijua. Lakini pale nilikaa natazama TV sina cha kufungua wala kufunga. Editha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni ananiangalia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lilinimaliza. Sasa mzee hakuwa hata na safari zake za chumbani.

Nikawa nawaza kumpigia mtu anitumie converter. Ndipo gari likasimama nje.

Noah imejaa. Wa kwanza kushuka, shangazi Domitila kutoka Kaagya, dada wa mzee, mwanamke ambaye ukoo wetu ukimwona amevaa kile kitenge chake cha vikao unajua kuna jambo. Nyuma yake ndugu kutoka Nshambya, na wa hapo jirani wakatokea kwa miguu. Wakaingia, wakajipanga kwenye makochi na mabenchi. Hakuna aliyetabasamu.

Editha akapitisha kahawa ya kutafuna kama ilivyo kwetu mgeni akifika. Shangazi akachukua punje zake bila kutuangalia.

"Umetoa wapi?" akaniuliza.

Nikafurahi, hatimaye mtu anauliza. "Kariakoo, shangazi. Nimechagua mwenyewe kati ya nyingi."

Akawageukia wenzake. "Waitu, ndugu zangu, mmesikia. Kariakoo."

Mjomba mmoja akauliza kama ni mpya.

"Ni used," nikasema, "lakini nimeikagua mwenyewe mpaka ndani. Ina nguvu, na haili sana."

Kuna mama alifanya ishara ya msalaba.

Shangazi akasimama. "Kaburi la Adventina bado halijajengewa," akasema, "na wewe kwa sababu una hela unamletea kaka yangu mwanamke wa Kariakoo aje kukalia kibanja chake?"

"Mwanamke gani, shangazi?"

"Huyo wa kwenye kadi."

Hapo ndipo niliielewa message yangu kama wao walivyoielewa. Kadi. Hakuna kuchanga. Gharama zimebebwa. Njooni mshuhudie. Wakuu, Mtanzania yeyote akisoma maneno hayo anaanza kutafuta suti.

Kabla sijafungua mdomo, tukasikia sauti kutoka chumbani. Mwanzoni nilidhani mzee anakohoa. Editha akaanza kukimbilia kule, kisha akasimama katikati ya sebule, maana alikuwa ameitambua. Mzee alikuwa anacheka.

Mlango ukafunguka. Akatoka ameshika ukuta kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, fulana ya ndani, machozi yanamtoka.

"Domitila," akasema, "naoa nani?"

"Tunakuuliza wewe."

"Na mimi nimekuja kuuliza."

Akacheka tena mpaka mguu ukamwishia nguvu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho ni kile cha mbao. Nikafungua ubavu wa tower, nikawaonyesha kadi ilipo. Shangazi akainama, akaitazama muda mrefu.

"Hiki ndicho tumepandia Noah?"

Watu wakaangua kicheko, hata yule mama wa msalaba. Shangazi hakucheka mara moja. Alikaa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na ndipo akamwangalia kaka yake vizuri, alivyokonda. Wengi walikuwa hawajamwona tangu mazishi.

Mzee alikuwa ameshageukia TV. Mikono tayari iko kwenye usukani. Akatazama kioo cha kushoto, cha kulia. Basi halikutoka.

Nikadhani picha imeganda. Nikasogea kuangalia, akanizuia kwa kiganja.

"Abiria wamejaa," akasema. "Konda yuko wapi?"

Editha akasogea, akagonga kabati la vyombo kwa kiganja mara mbili. "Twende."

Basi likatoka stendi. Watu wamekaa nyuma yake kwenye mabenchi wanatazama barabara. Kwenye kona ya kwanza niliona mjomba anaegemea upande kama vile yumo ndani.

Tulipokaribia kile kimji cha pili shangazi akakohoa.

"Sweetbert, mimi nashukia Kemondo."

"Kemondo ipo," akajibu bila kugeuka. "Kaa kwanza. Usisimame mlangoni gari likiwa linatembea."

Shangazi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akimpa amri, akakaa.

Jumamosi hiyo hakuna aliyeshuka njiani. Mzee alikula sebuleni na watu, na mara mbili alimkatiza mjomba aliyekuwa anasimulia uongo kuhusu barabara ya zamani.

Wiki iliyofuata Editha alinipigia nikiwa ofisini. Jumuiya imekuja kusali, akasema, na baba amewapokea sebuleni, amevaa shati. Alitaka kuniambia hilo tu. Akakata simu.

Nilichojifunza wakuu.

Kabla ya kuchagua kadi kwa tower ya zamani, pima power supply, pima upana wa kasha, kisha geuza kadi uangalie matundu ya nyuma. Matundu ndiyo yanaamua skrini itakuwa chumba gani, na chumba ndicho kinaamua mtu wako atakaa na nani. Mimi hilo sikulisoma kwenye diploma, na diploma yangu ni nzuri.

Pili, kwenye group la ukoo andika "graphics card" kwa kirefu chake. Usifanye uvivu.

Mwenye tower ya gen ya tatu mpaka ya sita aweke specs zake hapo chini, nitamshauri bure. Na kama una mzee aliyejifungia, tuandikie anapenda nini, humu kuna vichwa vingi. Wenye swali la harusi wamuulize shangazi Domitila. Mimi nimeshamjibu, ila naona bado ananichunguza.