Yule Mama wa Sahani

Sauti ya kwanza ya filamu niliyoisikia maishani ilinifikia nikiwa kanisani. Kanisa letu la Kisabato lilikuwa upande huu wa bonde, na kibanda cha video cha Marani kilikuwa upande ule, nyuma ya mashine ya kusaga unga, na katikati hapakuwa na kitu ila migomba na kijito chembamba. Alasiri ya Sabato, kwaya ikishaketi na msomaji akifungua Biblia, ndipo jenereta ya kibandani ilipokohoa kidogo ikashika. Kisha tungemsikia Ombati, mwenye kibanda, akitafsiri filamu kwa kipaza sauti, na sauti yake ikipita juu ya migomba na kuingia kwenye madirisha yetu yasiyo na vioo. Mzungu angepigwa risasi katikati ya Zaburi. Watoto wa ng'ambo ya bonde wangeangua kicheko wakati sisi tumeinamisha vichwa. Msomaji huyo alikuwa baba yangu, mzee wa kanisa, na kila kicheko kilipofika aliongeza sauti. Mimi nilifumba macho kabisa kama mtu anayeomba kwa bidii, kumbe nimetega sikio.

Watoto waliruhusiwa kibandani Jumamosi alasiri peke yake. Siku zingine zilikuwa za watu wazima, na Jumapili ilikuwa ya mpira, hata kuchungulia mlangoni ungefukuzwa. Kwa wenzangu Wakatoliki hilo halikuwa neno. Kwangu lilikuwa ukuta. Jirani yetu Moraa, niliyeketi naye dawati moja shuleni, alikuwa Mkatoliki, na njia yake ya kwenda kibandani ilipita chini tu ya kanisa letu. Alivaa ndala nyekundu, amejipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, na akifika mkabala na dirisha langu alinipungia mkono. Hakuwa akinicheka. Moraa hakuwa na ubaya wa aina hiyo, na labda ndiyo maana wivu wangu ulikosa pa kukaa. Ningefurahi kama angenitolea ulimi, nimchukie vizuri, nimalize.

Jumapili mambo yaligeuka. Wao walienda misa asubuhi, sisi tukaenda shambani kuchuma majani chai, na misa ikiisha Moraa alishuka kwetu, akajitwika kikapu cha ziada mgongoni na kuingia katika mstari ulio kando ya wangu. Hapo ndipo nilipoziona filamu. Naziita nilizoziona kwa sababu sina neno lingine. Moraa hakusimulia kama watu wanavyosimulia, huyu akasema hivi, yule akafanya vile. Alikuwa akichuma, majani mawili na chipukizi, mkono unakwenda haraka, halafu mkono unapunguza mwendo, shingo inanyooka, na tayari si Moraa tena, ni bibi tajiri anayengoja gari lisilokuja. Majina aliyatoa kwa Ombati. Kiingereza cha Ombati kilikuwa cha kukisia, kwa hiyo hakutafsiri kilichosemwa, alitafsiri alichoona, na kila Mzungu alimpa jina la kwetu ili tusichanganyikiwe. Bibi tajiri alikuwa Kemunto. Mume wake alikuwa Mogaka. Katika majumba yale makubwa ya ng'ambo walikula obokima kwa chinsaga, ugali na ile mboga yetu chungu, na Mogaka akikasirika alitishia kudai ng'ombe wake wa mahari.

Filamu ya Kemunto ndiyo iliyonivuruga. Kemunto na Mogaka wanagombana mezani, wanarushiana maneno, na mtumishi wao, mama wa makamo asiyepewa hata jina, anaondoa sahani. Katikati ya ugomvi Mogaka anasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba habari imeletwa asubuhi: mtoto wa huyo mama amekufa vitani. Kisha anaendelea kugombana. Moraa alipofika hapo alivua kikapu, akakata kipande cha jani la mgomba lililokuwa mpakani na kukishika kama sahani. Alikifuta. Akafuta palepale tena. Mkono uliendelea kuzunguka mahali pamoja, polepole, na uso wake haukulia wala haukukunjamana, ila uliondoka tu, ukawa kama nyumba ambayo watu wamehama. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, chakula kitapoa." Akaokota kikapu chake akaendelea kuchuma. Niligeuka nikamwona mama yangu, mwisho wa mstari, amesimama na pembe ya leso machoni. Mama yangu, ambaye alisema filamu ni kazi ya shetani. "Huyo mwanamke," aliniuliza baadaye tukipima majani kituoni, "alizikiwa mtoto?" Nikamwambia Moraa hakusema.

Ulikuwa ule msimu ambao zile tuzo kubwa za filamu za ng'ambo hukaribia, na Ombati, aliyependa kibanda kijae mabishano, aliandika kwa chaki kwenye mlango wa mabati majina ya wanawake wanaoshindania tuzo. Aliyaandika kwa majina yetu, la sivyo nani angewajua? Kemunto alikuwa wa kwanza. Kila mtoto angetaja mmoja, na atakayepatia angechagua filamu moja ya likizo ya Aprili, irudiwe siku aitakayo, hata kama ni katikati ya wiki. Niliposikia hilo la siku, masikio yalipata moto. Siku aitakayo. Jumatatu, kwa mfano. Baba asingekuwa na neno juu ya Jumatatu. Ningeketi kwenye zile mbao, niinue uso, nimwone yule mama wa sahani kwa macho yangu mwenyewe, si kwa macho ya kuazima.

Nilishuka kibandani siku ya shule, baada ya masomo, sare yangu ikiwa na vumbi la njia. Watoto walikuwa wengi mlangoni na karibu wote walimtaja Kemunto, kwa sababu ya gauni lake refu.

"Na wewe binti wa mzee wa kanisa?" Ombati aliniuliza.

"Yule mama wa sahani."

"Nani?"

"Mtumishi wa Kemunto. Yule aliyefiwa na mtoto."

Ombati alitazama mlango wake juu mpaka chini. "Huyo hata hayuko hapa."

"Si umwongeze."

"Mimi ndiye ninayewaongeza? Hawa wamechaguliwa huko, na wakubwa wao." Watoto walianza kucheka. Mmoja akasema Sabato haioni lakini inatabiri, na mwingine akaniita Nabii, jina lililonifuata mpaka darasa la nane. Lakini Ombati alikuwa mtu wa watu. Aliinama, na pale chini karibu na kutu, akaandika kwa herufi ndogo: mama wa sahani. "Haya, Nabii. Usije ukalia."

Moraa alikuwa amesimama kando, anatafuna muwa. Alinivuta mkono. "Chagua mwingine, Nyanchama. Huyo hatashinda."

"Kwa nini asishinde? Si wewe mwenyewe ulitutoa machozi naye?"

"Chagua yule mlevi." Alikuwa na maana ya mwanamke wa filamu nyingine, anayekunywa mpaka anapoteza watoto. "Wazungu wakimwona mrembo amejiharibu sura, wanampa. Mimi namchagua huyo."

Niliutoa mkono wangu. Nilijiambia ananivuruga ili ashinde yeye, yeye ambaye aliziona zote, kila Jumamosi, na ndala zake nyekundu. Kama alikuwa na macho ya kunitosha mimi na mama yangu shambani, sasa anataka na tuzo pia? Nilikaa na mama wa sahani. Nilimwombea hata, jioni, katikati ya wagonjwa na wasafiri.

Matokeo yalikuja kwa redio ya simu ya Ombati, ile yenye kioo kilichopasuka, na akayapeleka mlangoni kabla sisi hatujatoka shule. Mlevi alikuwa amezungushiwa duara. Kemunto alikuwa amekatwa mstari. Mama wa sahani hakukatwa wala kuzungushiwa, alikuwa palepale kwenye kutu kama alivyoachwa. Ni Moraa peke yake aliyepatia. Walimbeba juujuu, na mimi nilipiga makofi kama wengine, mikono ikiuma. Kichwani nilikuwa nimekwisha kumwona akichagua filamu ya kupigana ya Jumamosi, yeye na wenzake, nami niko kanisani nimefumba macho.

Moraa alichagua filamu ya Kemunto. Akachagua Jumatatu. Alikuja kwetu mwenyewe kumwambia baba, akasimama mlangoni ameunganisha mikono nyuma, akasema, "Mzee, naomba Nyanchama anisindikize, mimi naogopa kupita kwenye migomba peke yangu." Moraa, aliyepita kwenye migomba hiyo kila wiki. Baba alikubali. Nitasema ukweli, hata wema ule niliuonea wivu. Nilitamani ningekuwa mimi mwenye kushinda na kumfanyia mtu hivyo.

Kibanda kilinuka petroli, jasho na mahindi ya kuchoma. Niliketi mbele kabisa, Moraa kando yangu, na Ombati akashika kipaza sauti. Kemunto alitokea na gauni lake. Mogaka alitokea na ndevu ambazo Moraa hakunitajia. Meza ikaandaliwa, ugomvi ukaanza, nikainua uso. Mama mmoja alipita, mgongo kwetu, akaondoa sahani mbili, akatoka. Mogaka alisema jambo, na Ombati akatafsiri, "Mtoto wa huyu alikufa, lete chumvi." Basi. Hakugeuka. Hakufuta kitu. Uso wake sikuuona. Nilingoja arudi, filamu ikaenda, Kemunto akalia sana, watu wakalia naye, taa ikawashwa.

"Yuko wapi?" nilimuuliza Moraa.

"Nani?"

"Mama wa sahani."

"Si alipita."

"Aliposema chakula kitapoa."

Moraa alitazama vidole vya miguu yake. "Hakusema. Nilimhurumia tu. Niliona hawakumpa nafasi, nikampa."

Tukashika njia ya kurudi. Kwenye migomba alijifanya kuogopa kidogo, kwa sababu ya kile alichomwambia baba, akanishika mkono, na hata huko kujifanya kulikuwa kuzuri mno. Nilielewa kwamba kwa wiki nyingi nilikuwa nikimwonea wivu kwa sababu alikuwa ameona, na kumbe hapakuwa na cha kuona. Wivu wangu haukuisha. Ulihama tu, ukaenda kukaa mahali pabaya zaidi. Kiti cha kibandani ningeweza kukipata tena siku moja. Karama hii ya Moraa ningeipata wapi?

Siku hizi nina saluni ndogo mjini Nyamira, viti viwili na kioo kimoja, na filamu zote za dunia ziko ndani ya simu yangu. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini ndoto sikuziacha, bado nina filamu zangu kichwani ambazo nitazitengeneza, na ninajua hata nguo nitakazovaa siku ya kuitwa jukwaani. Jua likizama Jumamosi naketi kutazama. Kila msimu wa tuzo nabashiri na wateja wangu, na mara nyingi napatia, kwa sababu namtafuta mrembo aliyejiharibu sura. Halafu nawatajia wa kwangu, yule ambaye hakuna aliyemtaja, dereva, yaya, jirani. Wateja wanacheka. Mimi naona kila kitu sasa, picha safi, uso wa kila mtu mpaka vinyweleo, ila sijapata tena kuona kama nilivyoona kwenye majani chai.

Moraa anafundisha chekechea huko Sironga. Watoto wadogo wanaketi sakafuni mbele yake kila siku na kamasi zao, anawafanyia fisi na sungura, na hawajui wameketi mbele ya nani. Nawaonea wivu wale watoto. Mwezi uliopita alikuja kusukwa, na mteja mmoja alikuwa akingoja zamu yake kwenye benchi. "Mwaka huu ni nani, Nabii?" Moraa aliniuliza, maana yeye hatazami, hana muda. Nikamwambia kuna mwanamke jirani katika filamu moja, anarudisha ufunguo wa nyumba ya rafiki yake aliyekufa, ni dakika moja tu, hakuna aliyemtaja. Nikaacha kusuka ili nimwonyeshe. Nilijitahidi. Nilinyoosha mkono, nikainamisha macho, nikatia huzuni yote niliyokuwa nayo.

Moraa alinitazama kwenye kioo. "Mbona unampa haraka hivyo?"

Aliinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, akatungua ufunguo wa saluni kwenye msumari. Alininyooshea. Niliushika, na hakuuachia. Hakuvuta, hakulia, vidole vyake tu vilikataa, kisha vikaachia kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine, na uso wake ukaondoka vilevile kama zamani, watu wakahama. Ufunguo ukabaki kwangu, una joto la mkono wake. Kisha akaketi, akasema, "Endelea, nina kikao cha wazazi."

Mteja wa kwenye benchi alijifuta macho kwa leso. "Hiyo filamu inaitwaje?" aliniuliza. "Nataka nimwone huyo mama."

Nikamtajia jina, nikijua ataitazama mpaka mwisho akimtafuta, na hatamwona.