Zamu ya Tatu

Hadithi tunaiandika watatu kwa zamu, kuhusu jemadari wa kike tuliyemwazima kwenye tamthilia. Zamu ya tatu ni ya yule dada anayetafuna mrija wa chai mpaka unakuwa uzi. Kila nikimrudisha jemadari kwao, akafagie kaburi la kaka yake aliyekufa kwa uzembe wa jemadari mwenyewe, dada humkimbiza tena mlimani, alale kwenye theluji na machozi yaleyale.

“Sura ya kumi na moja hii,” nikamwambia. “Huyo mtu hasikii baridi?”

“Hastahili kurudi, wewe,” akajibu kwa sauti ya mwombolezaji wa kukodiwa.

Jana, siku ambayo mji wetu mzima wa Tainan hufagia makaburi ya jamaa, nilipita na ufagio wangu pale kwenye duka la chai tunapoandikia. Nikamkuta dada peke yake, anaandika. Simu yake ikawaka mezani, ujumbe wa baba yake: “Mwanangu, tunakusubiri makaburini. Ufagio wako upo.” Akaigeuza kifudifudi, akamwongezea jemadari theluji.