Kengele ya Kiptanui

Alhamisi hiyo Chepchirchir aliingia ukumbini Kapsoit akiwa na hotuba kichwani na hasira ya miezi mingi kifuani. Katika klabu yao ya kuzungumza hadharani kila mwanachama hupewa kazi. Mmoja huongoza, mwingine hushika saa na kuinua kadi nyekundu muda ukiisha, mwingine hugonga kengele msemaji akijikwaa kwa "eeh" na "yaani". Chepchirchir aliishika kadi hiyo mpaka ikachakaa. Zamu ya kusema ilimpita kila mara. Ulimi wake ulainike kwanza, walimwambia.

Sasa hakuwa na nafasi ya kungoja, na siku hiyo aliidai zamu yake mpaka akapewa. Jumamosi wakulima wa Sosiot wangechagua mwakilishi wa kituo chao cha kukusanyia majani chai, na yeye, mjane aliyelea Cheptoo na wadogo zake kwa kikapu cha chai cha mgongoni, alikuwa ameomba kazi hiyo. Mbele ya watu alikuwa amewahi kuimba kwaya tu.

Kengele ilikuwa mikononi mwa Kiptanui, jirani yake wa Sosiot, aliyerudi kutoka Nairobi na sauti ya mtangazaji wa redio.

"Wakulima wenzangu," Chepchirchir akaanza, "kari la kiwanda likichelewa..."

Kengele ikalia. Watu wakacheka.

Akameza mate. Akaeleza jinsi majani yanavyopata moto ndani ya mifuko, karani akayakataa, jasho la siku nzima likamwagwa mtaroni. Alipofika kwenye pei, kengele. Akarudia pei. Kengele.

"Ni gari, na ni bei, Mama Cheptoo," Kiptanui akasema akitabasamu. "Hiyo pei yako hata sokoni hawaijui."

Chepchirchir akaenda mezani pa Kiptanui, akaichukua kengele, akaitia mkobani na kufunga zipu.

"Hii ni ya 'eeh' na 'yaani'. Umenisikia nikisema hata moja? Nyanya yako alisali kwa Papa yetu wa mpinguni mpaka tukamzika. Mbona hukumgongea?"

Hakuna aliyecheka. Akarudi mbele akaendelea, kari ni kari, pei ni pei, kila neno akilitupa kama kuni chini. Kisha Jentrix, mshika saa wa siku hiyo, akainua kadi nyekundu. Chepchirchir alikuwa katikati ya sentensi. Akaikata hapo hapo, akaketi. Kadi hiyo ilimkata kila mtu sawa.

Kiptanui akanyoosha mkono kudai kengele yake.

"Njoo uichukue Jumamosi Sosiot," Chepchirchir akamwambia, "nikimaliza kusema."