Tumbo Alilorithi Fundi

Mtaani wanamwita Nusu Inchi, kwa sababu kila suruali anayoshona huachiwa nusu inchi ya kitambaa ndani ya mshono, endapo mwenyewe atanenepa. Ni fundi cherehani wa miaka arobaini na tisa. Haamini mambo mengi, ila kunenepa kwa wateja anakuamini. Hakutegemea kwamba suruali zake mwenyewe zingehitaji ile nusu inchi.

Si kwamba alinenepa. Uso ulibaki uleule na mikono ileile. Tumbo tu ndilo lililojaa gesi kila baada ya kula, likawa gumu kama mpira wa ngozi, likanguruma hata mteja akiwa amesimama mbele yake amenyoosha mikono.

"Fundi, una mgeni humo ndani?" mmoja alimuuliza.

"Cherehani hiyo," Nusu Inchi akajibu. Cherehani ilikuwa imezimwa.

Maumivu hayakumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba tumbo hilo alikuwa akilijua. Lilikuwa la mama yake.

Mama yake naye alikuwa mshonaji. Mwaka wake wa mwisho tumbo lilimjaa hivyohivyo, na kwa kuwa alikuwa mjane, majirani walihesabu miezi kwa vidole. Nyumba nzima ilinuka mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu ya kitunguu saumu kilichokasirika, aliokuwa akiukoroga kwenye maji moto. Mwezi wa kumi majirani waliacha kuhesabu. Mwezi wa kumi na tatu walikuja kuzika. Hospitali alikwenda mara moja tu, akiwa amechelewa sana, na hakurudi, na familia ikatoka na somo moja: kwamba hospitali ndiyo iliyomuua.

Alimwachia mwanawe cherehani, tepu ya kupimia na daftari la vipimo vya wateja. Karibu na mwisho wa daftari mna ukurasa usio na jina wala mtindo wa nguo, ila kiuno peke yake: thelathini, thelathini na moja, thelathini na moja na nusu, thelathini na tatu, thelathini na nne. Kwa miaka mingi Nusu Inchi alidhani ni mteja aliyeingia mitini. Siku moja, akiwa amefungua kishikizo cha suruali ili apumue, aliutazama tena ukurasa ule, na akaelewa mteja alikuwa nani.

Hospitali hakwenda. Alikwenda kwa Tabibu, kijana mwenye miwani aliyesomea tiba ya Ayurveda ng'ambo, na ambaye chumba chake kiko juu ya duka la viatu. Tabibu alimtazama ulimi, akamshika mkono kusikiliza mapigo, kisha akamwandikia karatasi yenye mambo saba. Maji ya bizari nyembamba yaliyochemshwa, kila asubuhi. Tangawizi kabla ya kula. Chembe ya mvuje kwenye maji ya uvuguvugu. Unga wa matunda matatu kabla ya kulala. Kutafuna polepole. Kuacha maziwa kwa muda. La saba lilikuwa fupi: nenda ukapimwe.

"Hii itatuliza gesi, mzee wangu," Tabibu alisema. "Kama kuna mdudu, mdudu haogopi bizari. Utapima?"

"Nitapima," alisema Nusu Inchi, na kwa namna yake alisema kweli.

Siku hiyo dukani, kiuno kilisoma thelathini na nane. Hakutaka wateja wamwone akijizungushia tepu kama bibi harusi, kwa hiyo baada ya wiki mbili za mvuje alijipima nyumbani, kwa tepu ya mama iliyokuwa kwenye mtoto wa meza. Thelathini na sita. Akaandika kwenye daftari, chini ya namba za mama. Jumapili iliyofuata, thelathini na sita. Tumbo lilimwambia vingine, lakini katika kazi yake mwenye kusema ni tepu, tumbo hukaa kimya.

Nyumba ikaanza kunuka kama zamani. Wakati mwingine, akiipitisha tepu mgongoni, alihisi mkono ukimshikia upande wa pili ili isiteleze, kama alivyoshikiwa na mama utotoni akijifunza kazi. Hakumwambia mke wake. Mke ni mwalimu wa hesabu, na asingekosa kuuliza ni mkono wa kulia au wa kushoto.

Walifikishwa pabaya na pazia. Mke alipima dirisha la chumbani kwa tepu iliyokuwa karibu, akampa mumewe namba: hamsini na nane. Mume akakata dukani hamsini na nane, akashona, akaongeza na nusu inchi yake. Pazia lilipotundikwa, likaishia juu ya kizingiti kama suruali ya mtoto aliyerefuka.

"Baba watoto, leo umekata kwa macho?"

"Mimi sijawahi kukosea kukata. Wewe umepima kwa tepu gani?"

Mke akaonyesha. Kisha, bila maneno mengi, akachukua rula yake ya ubao ya mita moja na kuilaza tepu ya mama juu yake. Mita ilipoisha, tepu ilisoma sentimita tisini na tano. Ilikuwa imevutika kwa miaka mingi ya kuvutwa, na namba zilikuwa zimeachana. Fundi yeyote huangalia tepu kuukuu kabla ya kuiamini. Huyu hakuangalia, kwa sababu ilikuwa ya mama.

Alikaa kitandani. Akamwomba mke tepu ya dukani, iliyokuwa mfukoni mwa koti.

"Thelathini na nane na nusu," mke akasoma. Ndipo akaliona daftari. Alisoma ukurasa wote, wa mama na wa mwana. "Kesho naomba ruhusa shuleni," akasema. "Tunakwenda wote."

Hospitali haikumuua. Ilimtaka choo kwenye kikopo na kumweka kwenye benchi hadi saa nane. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, alisema wamemkuta na bakteria wa tumbo. Dawa ni za wiki mbili, asiruke hata dozi moja, kisha watampima tena, na kwa sababu ya historia ya mama watamwingizia kamera tumboni kuangalia.

"Nimempata wapi?" Nusu Inchi aliuliza.

"Mara nyingi ni utotoni, nyumbani. Kijiko kimoja, kikombe kimoja. Huenda ulipewa na mama."

Nyumbani aliweka vidonge mezani akavitazama hadi maji yakapoa. Mke akauliza kulikoni.

"Huyu mdudu ni wake," alisema. "Amekaa naye, amekaa na mimi. Ukiniondoa mimi, ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai."

Mke alifikiri kidogo, kama anayesahihisha hesabu ngumu.

"Naye angekuwepo," akasema, "angekushika pua akunyweshe."

Nusu Inchi akameza. Kwa siku kumi na nne hakuruka dozi. Asubuhi ya kumi na tano aliamka tumbo likiwa tulivu, na akabaki amelala pale muda mrefu, akisikiliza, asisikie mtu humo ndani.