Kaseti ya Mama

Juzi nilikuwa naendesha gari kwenda nyumbani, karibu na Iguhu, redio ikaanza kupiga ngoma za isukuti. Sikutambua mguu wangu unafanya nini mpaka nilipoona mbuzi wa watu wakitawanyika mbele yangu. Nilipunguza mwendo, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeukumbuka mguu wa Baba.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe iliyoanza kuliwa na kutu, na kazi yake ilikuwa kuwabeba wapiga isukuti kwenda harusini na matangani. Wazee wale hawakujua kukaa kimya. Walipopanda tu nyuma walianza kuzipasha ngoma moto, na Baba naye, mtu mpole kanisani na sokoni, aligeuka kuwa mtu mwingine. Kadiri ngoma zilivyokolea ndivyo mguu ulivyozama. Mashimo aliyaruka, kona alizila.

“Baba Doris,” Mama alikuwa akimwambia, “unatupeleka harusini ama unatupeleka kwa Mungu?”

Kisha angetoa kaseti yake ya rumba mkobani na kuitia kwenye redio ya gari. Mabega ya Baba yalishuka, na sasa kila shimo alilipitia kwa heshima. Mama hakuwahi kujifunza kushika usukani, lakini msikubali mtu awaambie kwamba hakuliendesha gari lile.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Tukabaki wawili, mimi na Baba, na nyumba iliyokuwa kubwa ghafla. Obusuma wa Baba, ugali wetu wa kila jioni, ulikuwa mbichi katikati, nasi tuliula hivyohivyo. Jioni tulisikiliza kuku wakiingia bandani kana kwamba ni taarifa ya habari. Kabla ya muhula uliofuata aliniambia nitakwenda shule ya bweni, nje ya Malava. “Huko mtakuwa wengi,” alisema. Mimi nilisikia kwamba amenichoka.

Siku za kufungua shule zilikuwa pia siku za harusi. “Mama, tufanye haraka,” Baba aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, “wazee wananingojanga pale sokoni.” Gari lilinuka dizeli na ngozi ya kenge, ile inayowambwa kwenye ngoma. Sanduku langu lilikaa nyuma peke yake. Tulipoingia barabarani nilitoa kaseti ya Mama mfukoni mwa sweta, nikaitia kwenye redio, nikatazama nje kama mtu asiye na habari.

Mguu wa Baba ulilegea papo hapo. Ndicho nilichotaka. Nyumbani alikuwa akizunguka huku na huku, lakini ndani ya pikapu alikuwa wangu, na barabara ikirefuka nami napata Baba zaidi. Pale Lubao tulipitwa na trekta la miwa. Mbele kidogo tukapitwa na mwanamke mwenye baiskeli, tena amebeba ndizi, akatuangalia kwa huruma. Nilingoja Baba aseme jambo moja tu, kwamba nyumba itakuwa kimya bila mimi. Alichosema langoni ni, “Usome.” Akanipa mkate, akashusha sanduku.

Nikishaingia langoni sikugeuka nyuma, hata mara moja katika miaka ile. Nililala kitandani nikiwaza kwamba sasa ngoma zimempokea, mguu umezama, amepumua. Nililia chini ya blanketi mpaka mkate ukawa na chumvi.

Hiyo juzi nilipofika nyumbani nilimkuta Mzee Lumbasi, mmoja wa wapiga ngoma wale, akinywa chai na Baba.

“Mulembe, msichana wangu,” alinisalimia. “Baba yako alitutesanga kwa ajili yako! Tunangoja harusi mpaka bibi harusi analia. Ati gari imechemsha. Na hiyo gari ilichemshanga tu siku ya kukupeleka shule. Siku moja nikakodi boda boda kumtafuta. Nikampata bado kwa lango ya shule, amekaa ndani ya gari, anasikiliza kaseti. Nikamwambia twende. Akaniambia, ngoja iishe.”

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamia kikombe, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Nimelibeba jambo lile miaka yote nikidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikimchelewesha. Kumbe tulikuwa wawili tukiisukuma barabara ileile isifike mwisho, kila mmoja akimficha mwenziwe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jua lilipoanza kushuka niliaga. Siku hizi Baba anaishi peke yake na kuku wake, nami nina kazi Nairobi isiyojua kungoja. Alinisindikiza hadi kwenye gari, polepole, mkono begani kwangu. Nilipoketi kwenye usukani alifungua mlango wa upande wa pili, akaingia, akauvuta ukafungika.

“Nisikilize redio yako kidogo,” alisema, akiangalia mbele. “Halafu uende.”

Nilitafuta rumba kwenye simu, ile ya polepole kabisa. Kisha nikaondoa mkono kwenye ufunguo.