Sauti Kutoka Chini ya Gari

Kazini walimwita Bwana Mawe, na hakuwa mwashi. Alikuwa dereva wa idara ya maji. Kila aliposimamisha gari alishuka na mawe mawili aliyoyaweka nyuma ya kiti, akaegemeza moja mbele ya tairi na jingine nyuma yake. Alifanya hivyo hata kwenye sakafu ya gereji iliyo sawa kama meza. Hata harusini, sisi tumevaa tukapendeza, ilibidi tumsubiri bwana mkubwa akilaza gari lake.

"Baba mdogo, limechoka hilo, halina pa kukimbilia," nilimwambia siku moja.

Akacheka kwa mdomo tu. Macho hayakucheka.

Baba mdogo ndiye aliyenilea. Baba yangu mzazi, kaka yake, alikuwa dereva wa idara hiyohiyo, na alikufa nikiwa na miaka minne. Gari lilimpitia juu yake, mlimani, akiwa amelala chini anafungua nati. Aliingia chini ya gari bila kuvuta breki: hivyo ndivyo ilivyoandikwa ofisini, na hivyo ndivyo ilivyosemwa nyumbani. Mama hakumlilia sana. Alimkasirikia. Nikisahau kufunga bomba, "Haya, mtoto wa baba yake." Nikipoteza ufunguo, "Uzembe nao hurithiwa." Nimekua nikimwonea aibu mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Niliposomea ufundi wa pampu na kuajiriwa palepale, kila mzee wa idara aliyenitazama mara mbili nilijua anawaza nini.

Mama akianza maneno yake mezani, baba mdogo aliinuka kwenda kunawa mikono, ingawa alikuwa amenawa sasa hivi. Hakuoa. Aliishi chumba cha uani kwetu. Miaka yote ile ya udereva hakuwahi kuingia chini ya gari. Hata kuchungulia mafuta yanapovuja alimwita fundi. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia baridi kidogo nilipopanda naye: kabla ya kuondoa gari alisubiri, kama mtu anayengoja mwenzake afunge mlango. Mimi nilikuwa nimeshafunga wangu.

Siku ninayoisimulia tulitoka kutengeneza pampu ya kilimani, sisi wawili tu, alasiri. Njiani tukapanda mlima wenye makorongo. Katikati ya mlima kitu kikalia nyuma yetu, kishindo kimoja kikavu. Injini ikaunguruma kwa nguvu, gari halikwenda, kisha likaanza kurudi nyuma. Baba mdogo akakanyaga breki ya mguu.

"Ekseli," akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Mimi ni fundi, na fundi hangoji kuambiwa. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikachukua spana, nikafungua mlango. "Naingia chini niangalie."

Akanikamata mkono hadi ukauma. "Huingii! Kaa!"

"Jamani, si nimeshavuta breki?"

"Kaa uone."

Akainua mguu kidogo tu. Breki ya mkono iko juu, imekaza sawasawa, na gari likarudi nyuma taratibu kama halina breki kabisa. Akakanyaga tena. Magari ya aina ile breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma. Ekseli, chuma kinachounganisha propela na gurudumu, ikivunjika, breki inabaki imeshika chuma kisichounganishwa na kitu. Darasani tunalijua wote. Mlimani, jasho likitutoka, tunalisahau.

"Toka kwa ubavu. Usipite nyuma. Weka mawe," akasema.

Niliweka yale mawili, akaniambia niongeze, nikaongeza mpaka yakafika manane. Akaingiza gia ya magurudumu ya mbele nayo yashike. Kisha akashuka, akaninyang'anya spana. Propela ya nyuma ilipaswa kufunguliwa ili tufike nyumbani kwa magurudumu ya mbele, na kuifungua ni lazima mtu alale chini.

"Kama ni kubiringika, linibiringikie mimi," akasema, akaingia.

Nje vilibaki viatu tu. Nilisikia spana ikigonga, nikasikia pumzi zake fupifupi. Halafu sauti ikatoka chini ya gari, nyembamba, si ile niliyoizoea.

"Siku ile ekseli ilikuwa imevunjika hivihivi."

Nikainama karibu na viatu.

"Kwenye usukani nilikuwa mimi. Breki niliivuta mimi. Ikapanda, ikakaza, nikajua imeshika. Kaka akaingia chini, nami nikainua mguu." Spana ikaanguka mchangani, hakuiokota. "Ofisini wakaniuliza nani alivuta breki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi ndiyo kwanza nimeipata. Nikasema sikuona mtu akivuta. Maneno matatu, mwanangu. Wao wakamalizia yaliyobaki."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba mdogo ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimeitembea yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilitazama yale mawe manane, nikamchukia kiasi cha kujiogopa mwenyewe. Nikaweka mikono mifukoni.

Alipotoka alikuwa mzee. Alichomoa kipande cha ekseli pale gurudumuni, akaziba tundu kwa mfuniko wa kopo na kipande cha mpira ili oili isimwagike. Tukapanda. Kabla ya kuondoa gari alisubiri kama kawaida yake, na safari hii nami nilisubiri. Nilijua tunayemngoja.

Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma likageuka gari la kuvutwa na ya mbele. Usukani ulikuwa mzito, tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na huko nyuma magurudumu yalifuata tu, hayana kazi.

"Utamwambia mama mwenyewe," nikasema. "Leo."

"Atanifukuza."

"Akufukuze."

"Mwambie wewe, mwanangu. Mimi mdomo hautafunguka."

"Ofisini ulifunguka."

Lilikuwa neno baya na sikulirudisha. Akakaza mikono kwenye usukani mpaka tukafika.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango anashona kifungo cha shati langu la kazi. "Haya, mmevunja nini leo?" akauliza bila kuinua macho. "Maana ukoo wenu na magari!"

Baba mdogo alisimama mbele yake na grisi yake mpaka viwikoni. Mdomo ulifunguka. Alisema yote, tena bila kujitetea: usukani, breki, ekseli, yale maneno matatu. Mama akabaki ameshika sindano hewani. Nilingoja apige kelele, au amrushie kitu, na sikuwa na mpango wa kumzuia.

"Kabla hajaingia chini," mama akasema polepole, "alisema nini?"

Baba mdogo alifunga macho. "Aliuliza, 'Umevuta breki?' Nikamwambia, 'Nimevuta, kaka.'"

"Aliuliza?"

"Mara mbili, shemeji. Aliuliza mara mbili."

Mama akaweka shati chini. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Mimi na baba mdogo tukabaki uani, hakuna anayemtazama mwenzake. Ndipo tukamsikia akiongea na mtu mle ndani, kwa sauti ya msichana, akimwomba radhi, akimwita kwa jina la mapenzi ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa katika nyumba ile.